Kisanduku cha Koridoni

"Mama, niambie tena, maumivu yameanzia wapi?"

Tupokigwe aliuliza hivyo, na hapo hapo sauti ya mgonjwa ikakatikia katikati ya neno. Daktari kwenye kioo cha kompyuta akaganda mdomo wazi, na kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Tupokigwe hakuinuka. Kisanduku cha intaneti kilikuwa sebuleni, pembeni ya simu ya mezani, na sebuleni alikuwamo baba mkwe wake.

"Sekela," alimwita binti yake. "Kamwambie babu mtandao umelala."

Sekela alikuwa na miaka sita, na kazi hiyo aliimudu kuliko hesabu za shule. Alitoka jikoni, akakatiza korido, akasukuma mlango wa sebule. "Babu, mama anasema mtandao umelala."

"Mwambie nimesikia," alijibu Mzee Jailos, ambaye tayari alikuwa amechomoa plagi na anasubiri kidogo ndipo airudishe. Bila shaka alisikia. Ukuta ulikuwa wa tofali moja, na masikio yake, ukiacha la kushoto, yalikuwa mazima kabisa. Lakini kusikia ni jambo moja na kuambiwa ni jingine.

Mtandao uliporudi, mgonjwa alikuwa ameshahamishiwa kwa mkalimani mwingine. Tupokigwe alivua vile visikilizio vya kichwani, akavilaza mezani, akakaa akiangalia sufuria la maharage.

Kwa ambaye hakukulia Rungwe, nieleze mapema asije akadhani watu hawa walikuwa na ugomvi. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao hakuoni usoni, na wewe humwoni. Akipita, unageuka. Ukikohoa mlangoni, yeye anatokea mlango wa nyuma. Jina lako halitamki. Siku hizi wengi wameshaacha. Wanakula meza moja, wanapiga picha harusini wameshikana mabega, na hakuna aliyekufa. Mzee Jailos aliyajua hayo. Tupokigwe naye aliyajua, tena ana diploma. Shida ni kwamba kila mmoja aliamini akianza yeye kulegeza, atakuwa amemvunjia mwenzake heshima. Basi wakaendelea hivyo tangu ndoa, nyumba moja pale Iyunga, mmoja mlango wa mbele na mwingine mlango wa nyuma, kila mtu akimhurumia mwenzake kwa kushika desturi ngumu namna ile.

Enzi za mama mkwe mambo yalikuwa mepesi, maana maneno yote yalipitia kwake. Alipofariki, Sekela akarithi kazi.

*

Kazi ya Tupokigwe yenyewe ilikuwa ukalimani. Huko Marekani wapo wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaojua Kiswahili na hawajui Kiingereza. Wakiugua, daktari anafungua kompyuta, na mtu kama Tupokigwe anatokea hapo kutoka jikoni kwake Mbeya, anageuza maneno ya huku kuwa ya kule. Asubuhi ya kwao ni alasiri ya Iyunga. Kwa hiyo kila siku saa tisa alivaa blauzi safi kwa juu, kitenge kwa chini, akafunga mlango wa jiko, akaanza. Mshahara ule ndio uliolipa ada ya Sekela na dawa za presha za mzee. Mume wake, Anyitike, alikuwa mwalimu Iringa mjini, na mshahara wa mwalimu mnaujua.

Jioni ile ile ulikuja ujumbe kutoka kwa wakubwa zake. Walimsifu kwanza, kama wanavyofanya watu wanaotaka kukuumiza. Halafu wakasema hospitali zinalalamika anakatika. Mpaka mwisho wa mwezi awe na laini yenye kasi wanayoitaka, na baada ya hapo watamsikiliza wiki mbili. Akikatika tena mbele ya mgonjwa, mkataba basi.

Alimpigia mumewe.

"Si nguzo za faiba zimepita hapo barabarani?" alisema Anyitike. "Vuta faiba, tuachane na huo waya wa simu. Huo waya una umri kunishinda."

"Laini ni ya baba."

"Basi muulize baba."

"Nimuulize kwa mdomo gani, Anyitike?"

Huko Iringa mume akavuta pumzi ndefu. Alikuwa mtu mwema, lakini kuishi mbali na nyumba yenye watu wawili wasioonana kulimfundisha uvivu kidogo. "Haya. Nitampigia mwenyewe."

Akapiga simu ya mezani, maana Mzee Jailos simu ya mkononi aliizima kutwa ili isiishe chaji.

"Baba, huo waya itabidi uondolewe."

"Waya upi?"

"Huo tunaoongelea."

Mzee Jailos aliutazama waya. Aliuomba akiwa bado kijana wa reli, akaungoja mpaka watu wa ofisini wakamchoka, na ulipofika mtaa mzima ulikuja kupokea simu zao sebuleni kwake. Habari za misiba, za vichanga, za watu waliopata kazi migodini, zote zilipita pale. Watu walikuwa wanakaa kwenye benchi wakisubiri kama zahanati.

"Huu waya unamsumbua nani?"

"Unamfukuzisha kazi mkweo."

Upande wa pili wa ukuta Tupokigwe alikuwa amesimama na kijiko mkononi, anasikiliza.

"Kwa hiyo ninayemkwamisha ni mimi," alisema mzee.

"Siyo wewe, baba. Ni waya."

"Waya ni wangu."

Niseme ukweli ambao Mzee Jailos hakumwambia mtu. Siyo simu iliyomuuma. Nani alikuwa anampigia? Tangu mkewe aondoke, siku yake ilikuwa ndefu, na kitu pekee kilichoihitaji mikono yake kilikuwa kile kisanduku. Kila alasiri alivuta kiti karibu nacho, akasikiliza sauti ya mkwe wake ukutani. Maneno hakuyashika vizuri, aliishika sauti tu, jinsi inavyokwenda. Ikikatika, yeye alikuwa ameshainama. Alihesabu kuwa wote wawili ni wakalimani, yeye na mkwe wake, mmoja mdomo na mwingine mkono. Sasa anaambiwa kwamba kazi aliyokuwa anajivunia kuifanya vizuri ilikuwa inahitajika kwa sababu laini yake ni mbovu.

"Sekela," aliita baada ya kukata simu. "Mwambie mama yako kesho tunakwenda ofisi ya simu."

*

Walikwenda kwa bodaboda mbili. Ya Tupokigwe ilifika kwanza. Ofisi ilikuwa mjini, ina vioo na viti vya plastiki, na dirishani alikaa binti mmoja anaitwa Amna, mzaliwa wa Sokomatola, familia yao ina asili ya Tanga, mwepesi wa maneno na wa mikono.

"Laini ya nani, dada?"

"Ya babu yake Sekela."

Amna aliinua macho. "Nani?"

"Mzee wa Iyunga. Mstaafu wa reli."

"Iyunga wastaafu wa reli wamejaa. Jina lake."

Tupokigwe alifungua mdomo, akaufunga. Nyuma yake watu walianza kuguna. Alipekua mkoba akatoa risiti ya zamani, akaweka kidole chini ya jina.

"Jailos Mwakipesile," alisoma Amna kwa sauti kubwa ya ofisi. "Sasa si ungesema tu, dada? Hujui jina la baba mkwe wako?"

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Mkalimani wa watu, mwenye kusema Kiingereza na madaktari wa Marekani, anachekwa kwa kutojua jina la mzee anayempikia kila siku. Tupokigwe aliona uso unamchoma. Na kabla hajajibu, kikohozi kikasikika mlangoni, kikohozi anachokijua. Alijifunika khanga, akageuza uso, akapita mlango wa pembeni mpaka nje, akasimama chini ya dirisha.

Mzee Jailos akaingia na koti lake la suti, akasogea dirishani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nimekuja kubadilisha laini."

"Kifurushi gani? Kuna cha kawaida, cha kati na kikubwa."

Mzee alifikiri. "Muulize mwenye kazi yake. Yuko hapo nje."

"Mwite basi aingie."

"Siwezi."

Amna alimtazama mzee, akatazama dirisha ambapo ncha ya khanga ilikuwa inaonekana. "Mmegombana?"

"Hapana, binti. Tunaheshimiana."

Mama mmoja kwenye foleni, Mnyakyusa bila shaka, alitikisa kichwa taratibu na hakucheka tena. Amna alisimama, akatoka nje. Tupokigwe akamwambia achague baba, laini ni yake. Amna akarudi. Mzee akasema achague mkwe, kazi ni yake. Amna akatoka tena. Alipoingia mara ya tatu alikuwa anahema.

"Mzee wangu, naona faiba yenu ni mimi," alisema. "Nimeandika kifurushi cha kati. Ambaye hataki anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee Jailos akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa leso iliyofungwa fundo, akaanza kulifungua kwa meno. Humo mlikuwa na pesa aliyoiweka tangu pensheni ya mwisho.

"Ameshalipa, mzee," alisema Amna kwa upole. "Amelipa kwa simu, hapo nje."

"Ameshalipa lini?"

"Sasa hivi."

Mzee alibaki na fundo nusu limefunguka. Vidole havikujua viendelee au virudi. "Ni vizuri," alisema. "Ndaga, binti. Asante." Akafunga leso upya, akairudisha, na njia nzima nyuma ya bodaboda hakuacha kushika mfuko ule, kama mtu aliyebeba barua isiyopokelewa.

*

Fundi alikuja Alhamisi, kijana wa Kihehe kutoka Iringa anaitwa Adrian, mkimya, ana ngazi ndefu na viatu vya matope. Alivuta waya mwembamba kutoka nguzoni, akatoboa ukuta, akauliza swali moja la haki kabisa.

"Kisanduku nikiweke wapi?"

Mzee Jailos alikuwa sebuleni. "Weka jikoni kwake. Mwenye kazi ni yeye."

Adrian akaenda jikoni na drili yake. Tupokigwe akazuia mlango. "Hapana, kaka. Weka sebuleni kwa baba. Siku zote kimekaa kwake, siwezi kumnyang'anya."

Adrian akarudi sebuleni. Mzee akasema hawezi kukaa na kitu kisichomhusu akamsumbua mkwe wake. Adrian akarudi jikoni. Tupokigwe akasema, tena machozi yakimlenga, kwamba baba asije akaona anatolewa kwenye mambo ya nyumba yake. Adrian alikuwa na nyumba nyingine tatu za kufunga siku hiyo, na Wahehe si watu wa kubembelezana mlango kwa mlango. Akasimama koridoni, katikati ya milango miwili, akapima ukuta kwa macho.

"Nimeweka hapa," alitangaza kwa pande zote mbili. "Haki sawa."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na hakuna aliyeliona. Kwa sababu mahali pekee katika nyumba ile ambapo wote wawili waliogopa kusimama palikuwa ni pale koridoni. Sebule ilikuwa ya mzee, jiko lilikuwa la Tupokigwe, lakini korido ilikuwa ya hatari. Walipita pale kwa kukohoa na kwa haraka.

"Hii soketi yenu imelegea," Adrian alisema akiwa anafungasha. "Plagi haikai vizuri. Iteni fundi umeme aibadilishe."

Mzee alisikia, akajiambia mkwe ataita fundi, maana yeye ndiye aliyelipia na hapendi kuingilia. Tupokigwe alisikia, akajiambia baba ataita fundi, maana nyumba ni yake na mtu hagusi ukuta wa baba mkwe bila yeye kusema. Soketi ikabaki ilivyo.

Kabla ya kuondoka, Adrian alikata ule waya wa zamani, akauzungusha mkononi mpaka kiwiko, akautupa nyuma ya pikipiki. Mzee Jailos alimsindikiza mpaka getini. Aliporudi ndani aliinua mkonga wa simu ya mezani, akausikiliza muda. Halafu akauweka chini taratibu, akaufunika kwa kile kitambaa alichofuma marehemu mkewe.

*

Mtandao ulikuwa mwepesi kama maji ya Mto Kiwira. Daktari akisema neno, linafika na mate yake. Tupokigwe aliongea alasiri nzima bila kukatika, na alipomaliza siku ya kwanza alicheka peke yake jikoni, akajishika mdomo.

Sekela ndiye aliyegundua kwanza kwamba kuna kitu kimeharibika. "Mama," aliuliza siku ya tatu, "nikamwambie nini babu?"

"Leo hakuna cha kumwambia. Kacheze."

Mtoto akaenda sebuleni hata hivyo, akasimama mlangoni. "Babu, mtandao haujalala."

"Nimesikia," alisema Mzee Jailos. "Mwambie mama yako ni vizuri."

Shule zikafungwa. Anyitike akaja siku moja, akamchukua Sekela akamtembelee Iringa. Nyumba ikabaki na watu wawili na maneno hayana pa kupita. Tupokigwe alikuwa akiweka chakula kwenye meza ya koridoni, anagonga kidogo, anaondoka. Mzee alikula, akarudisha vyombo, akakohoa. Kutwa hawakuambiana lolote. Tupokigwe alimpikia ndizi za nyama alizozipenda, na hakukuwa na mtu wa kumwuliza kama chumvi imetosha. Jambo hilo lilimsumbua kuliko wiki mbili za kusikilizwa na wakubwa. Alimkumbuka baba mkwe ambaye hajawahi kumwona. Kumkumbuka mtu aliye ukuta wa pili ni kitu kigumu kueleza, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee naye aliendelea kukaa kwenye kiti kile kile, karibu na simu iliyokufa. Sauti ya ukutani ilikuwa inakwenda bila kusimama sasa. Aliifurahia na ilimwuma. Ndivyo reli ilivyomstaafisha pia. Siku moja treni zikaendelea kupita bila yeye.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Malori ya Zambia yalikuwa yamepanga foleni barabara kuu, yanashika breki, yanaunguruma, na kuta za Iyunga zote zinatetemeka. Tupokigwe alikuwa na mama wa Kikongo aliyekuja kujifungua, kifungua mimba, hana mume pale wala ndugu. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu.

"Dada, niko nachoka," alikuwa anasema. "Usiniache."

"Siendi popote, mama. Niko nawe."

Daktari akasogea karibu, uso umebadilika. Akasema kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, mama asisukume mpaka aambiwe. Tupokigwe alifungua mdomo kulisema hilo kwa Kiswahili. Hapo lori likapita, kabati la vyombo likalia, na kioo kikaganda.

Kiduara kikaanza kuzunguka.

Hakufikiria mkataba. Kusema kweli hilo alilikumbuka kesho yake. Alimfikiria mwanamke aliyelala kule anasukuma kwa sababu hakuna aliyemwambia asisukume. Alishika kompyuta kifuani, visikilizio bado kichwani, akafungua mlango wa koridoni bila kukohoa.

Mzee Jailos alikuwa ameshafika.

Alikuwa amepiga magoti ukutani, kiganja kimebana plagi kwenye soketi iliyolegea, na aliposikia mlango aligeuza uso akauweka ukutani kabisa, pua imegusa chokaa. Tupokigwe aliona mgongo wa sweta, kisogo chenye mvi, na sikio moja. Kila kitu alichofundishwa kilimwambia arudi. Akajivutia khanga usoni. Hakurudi.

Kisanduku kilikuwa juu ya kichwa cha mzee, na aliyegeuzia uso ukutani hawezi kukiona. Kilikuwa kinaamka polepole. Walikaa hivyo, mvua ikipiga bati, kila mmoja anangoja mtoto apite katikati yao na neno. Mtoto alikuwa Iringa.

"Ukuta," alisema Mzee Jailos hatimaye, akiongea na chokaa, "taa zimewaka?"

Tupokigwe aliinua macho kwenye kisanduku. Ukuta haukujibu.

"Moja bado ni nyekundu," alisema. "Bado, baba. Bado. Imekuwa kijani."

Na sauti ikamjia masikioni ghafla: "Dada, uko? Dada, uko?"

"Niko, mama. Usisukume. Sikiliza, usisukume kabisa. Pumua kwa mdomo, fupi fupi, kama unapuliza uji."

Alikaa chini hapo hapo sakafuni, hatua moja na nusu kutoka kwa baba mkwe wake, akampa mgongo, kompyuta mapajani. Akapuliza pamoja na mama yule. Nyuma yake akasikia mtu mwingine anapuliza pia, fupi fupi. Mzee wa watu alikuwa anapuliza uji.

Lori jingine likapita. Ukuta ukatetemeka, taa ikapepesa, na kiganja cha mzee kikabana zaidi mpaka kucha zikawa nyeupe. Taa ikakaa. Tupokigwe aligeuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza, hakujua tena kipi ni kipi. Sasa tulia. Sasa daktari anakikata kitovu. Sasa sukuma, mama, sukuma kwa nguvu zako zote, huyo anakuja. Jasho lilimtoka, blauzi safi ikalowa. Mzee kule ukutani alikuwa amefumba macho. Alikuwa na watoto watano, wote walizaliwa wakati yeye yuko stesheni, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni hivi.

Kisha Tupokigwe akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu. Mzee Jailos alijua kunyamaza kwa mtandao ukikatika, maana aliusikiliza kila alasiri. Kunyamaza huku hakukuwa kule. Aliibana plagi kama ndiyo inayomshikilia mtoto, magoti yanauma, na akajikuta anamwomba Mungu kwa Kinyakyusa. Mwisho akashindwa. Hakumwambia ukuta. Alimwuliza mkwe wake.

"Mwanangu. Amelia?"

Tupokigwe alikuwa analia mwenyewe, khanga imemwanguka mabegani na hana habari nayo.

"Analia, baba. Ni wa kike. Analia sana."

Mzee Jailos alitoa pumzi. Sasa kwa kuwa kazi imekwisha aliona aibu ya mahali alipo, ya sauti yake, ya kila kitu. Akaanza kutafuta namna ya kuinuka bila kugeuka.

"Basi, niiachie plagi?" aliuliza.

"Usiachie, baba," alisema mkwe wake. "Bado hawajampa mtoto wake."